Hekta 250 kwanza, mapanga baadaye

Wawekezaji wa umeme wa upepo wanataka ardhi ya vijiji vya Singida, na upepo wa huku hauna ubishi. Njia ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga iko karibu, kwa hiyo mwekezaji hana safari ndefu ya kupeleka umeme wake. Kinachotangulia kijijini ni mlingoti wa kupimia upepo: nguzo nyembamba ya mita 60 hadi 80 iliyofungwa kwa waya, inayokaa walau miezi 12 ili ipime kiangazi na kipindi cha mvua. Hauna madhara, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Watu huanza kupinga bikoni za mipaka zinapochimbiwa, na hapo wamechelewa.

Wakichelewa, hutanguliza hoja dhaifu. Ukisimama mkutanoni ukasema mapanga, yaani mabawa yanayozunguka juu ya mtambo, yanafukuza mvua, umewapa wataalamu ushindi wa bure: mvua ya Novemba hadi Aprili huletwa na mifumo mikubwa ya hewa kutoka Bahari ya Hindi na Kongo, haizuiwi na nguzo arobaini. Ukisema Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na linatosha, utajibiwa kwamba bwawa linategemea maji, na upepo wa huku una nguvu zaidi wakati wa kiangazi. Wala usitegemee kuwaambia wawekezaji wahamie mlima mwingine. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya kilima na bonde ni pesa nyingi. Wanakitaka kilima hicho hicho.

Hoja yenye meno ni ukubwa wa ardhi.

Chukua mfano wa megawati 100: mitambo 40, kila mmoja wa megawati 2.5, mduara wa mapanga ukiwa na upana wa mita 120. Mtambo mmoja usimnyime mwenzake upepo, huachiwa nafasi ya mara nane ya upana huo kuufuata upepo, na mara tano kwa pembeni. Yaani mita 960 kwa 600, karibu hekta 58 kwa kila mtambo. Kwa 40 ni hekta 2,300 hivi. Lakini msingi wa zege na uwanja wa kuegesha kreni havifiki nusu hekta kwa mtambo. Jumlisha barabara za ndani na kituo cha kupozea umeme, unapata hekta 30 au 40. Zilizobaki zinaweza kuendelea kulimwa alizeti na mtama, na ng'ombe wakapita chini ya mapanga.

Sasa fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 4. Ardhi ya kijiji inayohamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani kutoka mikononi mwa kijiji, ikiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikifika 250 na kuendelea, uamuzi unakwenda kwa Waziri, na kijiji kinabaki na mapendekezo tu. Ombi la hekta 2,300 na ombi la hekta 40 ni mradi ule ule, ila la kwanza linawatoa wanakijiji mezani. Tena ardhi ikishakuwa ya jumla, mkataba kuisha hakuirudishi yenyewe kijijini. Kule Marsabit, Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mradi wa mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ulipewa ekari 150,000, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria. Mapanga yalikuwa yanazunguka tayari.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgeni liwe: unaomba hekta ngapi, na ramani iko wapi? Jibu liingie kwenye muhtasari wa mkutano, pamoja na akidi na orodha ya waliohudhuria yenye saini. Muhtasari ulioandikwa ofisini na watu wanne ndio unaokuja kutumika dhidi yenu baadaye.

Fidia nayo ina mitego. Mthamini anahesabu nyumba, miti na mazao ya mtu. Malisho ya wote hayana jina la mtu, kwa hiyo mfugaji anaweza kupoteza zaidi kuliko wote na asiandikwe popote. Halmashauri ya Kijiji iyadai kwa niaba ya wote. Baya zaidi ni kusubiri: ukishathaminiwa unaambiwa usijenge wala usipande miti, na mwekezaji hajapata hata mkataba wa kuuza umeme. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, miezi sita ikipita bila malipo tangu Mthamini Mkuu aidhinishe uthamini, fidia inaanza kuzaa riba. Miaka miwili ikipita, uthamini unarudiwa. Weka nakala ya fomu yako, na picha ya shamba yenye tarehe.

Kelele hupimika. Karibu na mapanga ni desibeli zaidi ya 100, na umbali wa mita 500 hushuka hadi 40 hivi. Mwongozo wa Benki ya Dunia kwa makazi usiku ni 45. Dai mita 500 kutoka nyumba ya mwisho, na makaburi yapimwe kabla ya barabara kuchorwa.

Mitambo huishi miaka 20 hadi 25. Nani atang'oa zege, na pesa za kuling'oa zitawekwa benki gani kuanzia mwaka wa ngapi? Hilo nalo liingie kwenye muhtasari.