Salamu za Machi 2020 hapa Dodoma

Leo nimekumbuka Machi 2020 jamani, tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Arusha, kesho yake tu shule zikafungwa, huku kwetu mtaa mzima watoto wamejaa nyumbani na hakuna anayejua watarudi lini. Kila duka pale Majengo sokoni likaweka ndoo ya koki mlangoni na sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, unanawa ndo unaingia.

Ila kilichoniuma mimi ni salamu. Tulishaona Rais Magufuli na Maalim Seif wamesalimiana kwa miguu Ikulu, sawa, lakini kwa Wagogo mtu mzima humpiti hivi hivi, unasimama, unamsalimia kwa Kigogo "mbukwenyi", unashika mkono, unaulizwa ya nyumbani, ya mifugo, ya shamba, haraka ya nini. Sasa bibi jirani yetu ananyoosha mkono kwa mazoea na mimi narudi nyuma natoa kiwiko, nikaona kabisa uso wake umebadilika, hakugomba ila alinyamaza akaurudisha mkono taratibu ndani ya khanga. Misibani ndo usiseme, unampaje mfiwa pole kwa mbali? Wengi walishindwa wakakumbatiana tu na siwalaumu hata kidogo.

Jioni ni harufu ya mchaichai na mwarobaini, watu wanajifukiza chini ya blanketi. Shule zilivyofunguliwa tarehe 29 Juni watoto wa kwetu waliamka kabla ya jogoo.

Nyie huko kwenu mlikuwa mnawasalimiaje wazee kipindi kile?