Bustani niliyoisoma bila sauti

Televisheni yangu ipo juu ya kabati la vitambaa, mkabala na cherehani, na mashine ikikimbia sisikii neno. Ndiyo maana vipindi vya bustani vya wanaoanza nimevitazama kuliko nilivyovisikiliza. Dada yangu hutazama vipindi hivyohivyo akiwa na daftari, anaandika kila analosema mtangazaji. Tumebishana sana nani anafaidi zaidi. Mimi najipa ushindi, walau kwa sehemu kubwa.

Mshonaji hutazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokiona ni jinsi watu wale wanavyoshika mche: hawagusi shina, wanashika jani. Hakuna anayelisisitiza sana hilo, mikono inalifanya tu. Sababu yake ni nyepesi. Jani likichanika mche utatoa jingine, lakini shina changa likibonyea ndiyo basi. Na mche hawauvuti. Wanaupenyezea kijiti au penseli chini, wanaunyanyua na udongo wake ukiwa umeishikilia mizizi. Mche wa nyanya wanauzika mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi mipya. Mimea mingine mingi haitaki hivyo, shina lake likifunikwa linaweza kuoza.

Kisha kuna kidole. Kabla ya kugusa kopo la maji, mwenye bustani anachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Akikuta unyevu, anaondoka zake. Napenda sana sekunde ile ya kuondoka, maana anayeanza hapo ndipo angemwaga maji ili ajione anafanya kazi. Uso wa udongo hukauka mapema hata kama chini kumelowa. Maji yakizidi hujaza nafasi za hewa, mizizi inakosa oksijeni na kuanza kuoza, na mmea unanyauka. Tatizo ni kwamba ukinyauka hivyo unafanana kabisa na mmea wenye kiu, na mtu anauongezea maji.

Mbegu nazo nilijifunza kwa macho. Kubwa inafukiwa, ndogo inapakwa udongo kama unga juu ya sinia, za saladi zinabanwa tu juu ya udongo maana huota vizuri zaidi zikipata mwanga. Kanuni waliyonayo ni kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe, na nimeona inashika kwa mbegu nyingi.

Udongo je? Wanachukua konzi yenye unyevu, wanabana, wanafungua kiganja. Ukimeguka papo hapo ni wa kichanga, maji yatapita haraka. Ukibaki donge linaloteleza, una mfinyanzi mwingi. Ukishikamana kisha ukasambaratika kwa kuguswa kidogo, umepata tifutifu. Mboji husaidia pande zote mbili: kichanga kinashika maji zaidi, mfinyanzi unapitisha hewa.

Ambacho mikono haionyeshi ni muda. Trei la mbegu linawekwa mezani, picha inakatwa, linarudi limejaa miche. Karoti inaweza kukaa wiki tatu kabla ya kuchungulia, na katikati hapo mtu anafukua kuangalia kama mbegu ziko hai. Kuzoesha miche jua na upepo baada ya kuilelea ndani kunataka wiki nzima au zaidi, leo saa chache, kesho zaidi kidogo. Kwenye kipindi ni sentensi moja, tena mtangazaji akiwa anatembea. Vile vinavyogeuza uwanja mtupu kuwa bustani kwa siku mbili sivitazami kabisa. Mimea inasongwa ili picha ijae, na ikikua inagombania mwanga.

Halafu kuna miezi. Gardeners' World ya BBC iko hewani tangu 1968 na hupenda kumalizia na kazi za wikendi. Kazi zenyewe ni za hali ya hewa ya Uingereza. Gardening Australia, iliyoanza 1990, inaweza kuwa inavuna mwezi huohuo Waingereza wanapopanda. Dada aliyaandika majina ya miezi yote, mimi nikamshauri ayafute aandike kinachongojewa: jalidi imekwisha, mvua imeanza, udongo umepata joto. Mbegu za nyanya hupenda udongo wa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi, na kalenda haijui udongo wako una nyuzi ngapi. Alinuna kidogo, kisha akafuta.

Ila kuna mahali daftari lake linanishinda, nako ni kwenye mbolea. Mfuko una namba tatu, na hakuna mkono utakaokuonyesha maana yake: ya kwanza ni nitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu, siku zote kwa mpangilio huo. Nitrojeni ikizidi, nyanya hunenepa majani na kuchelewa kuzaa. Kinyausi pia, ule ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche kitaluni kama imekatwa usawa wa udongo, huelezwa kwa mdomo zaidi kuliko kuonyeshwa: usibananishe mbegu, usiloweshe kitalu kutwa, acha hewa ipite. Dada analo hilo kwa mwandiko wake mkubwa, na mistari miwili chini yake. Nimeuazima ukurasa huo, nimeubandika ukutani karibu na pasi.