Mapafu yangu yalipojaa maji ndani ya kreta ya Kibo

Nikimwambia mtu kwamba mimi, mzaliwa wa Machame, niliwahi kushushwa Kilimanjaro mgongoni mwa wenzangu, huniuliza: "Kwani wewe si wa hukohuko?" Ndiyo, ni wa hukohuko. Ila kwetu, kwenye migomba na kahawa, ni kama mita 1,500 tu kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Mchagga akifika kwenye kreta, lile bakuli la juu karibu na kilele, mapafu yake hayaulizwi kabila. Kila pumzi anayovuta pale ina takriban nusu ya oksijeni anayoipata mtu aliyekaa barazani Tanga, na nusu hiyo ni ileile kwa mgeni na kwa mpagazi wake.

Wakati huo nilikuwa mpagazi, au mgumu kama tunavyoitana wenyewe. Ilikuwa Machi, masika yamewahi kidogo, kazi zimepungua, kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna kundi la njia ya Lemosho linalotaka kulala Crater Camp, kambi iliyo ndani ya kreta, sikuuliza mara mbili. Safari za namna hiyo si nyingi. Kundi la kawaida hupita kambi za Barranco, Karanga, hadi Barafu, wageni wanakwenda kileleni usiku, na wapagazi wengi wanabaki Barafu wakilinda mahema na kupika chai. Kuna wagumu wamezeeka na mlima huu bila kukanyaga kreta. Safari ya kreta ni kitu kingine. Mahema, gesi, masufuria, viti, mpaka choo cha wageni, vyote vinapandishwa Western Breach, ule ukuta mkali wa mawe upande wa magharibi, vichwani na migongoni. Sheria ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo, na begi lako mwenyewe juu yake.

Western Breach wengi wanaiogopa kwa sababu ya mawe, na wana haki. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua wapandaji watatu Wamarekani, njia ikafungwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana kambi ya Arrow Glacier tunaiacha gizani, kofia ngumu kichwani, ili tuwe tumevuka sehemu mbaya kabla jua halijalainisha barafu inayoshikilia yale mawe. Hakuna kupiga stori wala kupumzika ovyo. Unaangalia visigino vya aliye mbele yako na masikio yako yako juu.

Nilikuwa na kikohozi tangu Lava Tower, kikavu, cha kukwaruza. Pale ni mita 4,600 hivi, na kukohoa huko hakumshtui mtu: vumbi, baridi, hewa kavu, kila hema linakohoa. Asubuhi ile kwenye Western Breach ndipo niliona jambo geni. Vijana niliozoea kuwaacha nyuma walinipita. Nikisimama kupumzika, pumzi hairudi. Kwa kawaida ukisimama dakika mbili kifua kinatulia. Changu kilikuwa kinakimbia hata nimekaa juu ya jiwe.

Tulifika kreta mchana. Waliofika pale wanajua palivyo: mchanga mweusi, ukuta wa barafu ya Furtwängler umesimama peke yake kama masalia ya nyumba, na upepo ukigeuka unapata harufu ya kiberiti kutoka kwenye shimo la Reusch, maana mlima huu ndani bado una moto. Tulikuwa bado tunagongea vigingi theluji ikaanza. Si ile ya kunyunyiza. Ilikuja ya ubavuni na upepo, na hema la choo liliruka tusilione tena.

Jioni kiongozi wetu alizunguka kwenye mahema ya wageni na kile kipimo cha kidoleni. Kila mgeni alipimwa oksijeni ya damu na mapigo ya moyo, namba zikaandikwa daftarini. Hema la wapagazi hakuingia. Simlaumu yeye, na kampuni siitaji, maana ndivyo mambo yalivyokuwa karibu kila kundi nililobeba nalo. Mgeni anapimwa na mashine. Mpagazi anapimwa kwa kuonwa: kama anabeba, ni mzima.

Ugali ulipoletwa sikuweza kula. Mpagazi asiyekula ugali baada ya kupandisha mzigo kreta ana tatizo kubwa, na jirani yangu wa hema alilijua hilo kabla yangu. Alinitazama akasema, "Mangi, leo vipi?" Nikamwambia nimechoka. Nikajilaza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nikilala chali ni kana kwamba kuna mtu amekaa kifuani. Nikiinuka kukaa, kinapungua kidogo. Nikajiegemeza kwenye gunia la masufuria nikabaki hivyo, nimekaa, kila mtu amelala.

Yule jirani hakulala. Baadaye aliniambia kilichomkosesha usingizi si kukohoa kwangu, ni sauti ya kupumua: kifuani mlikuwa mnatokota kama uji jikoni. Aliwasha tochi ya kichwani, akanishika mkono akaangalia kucha. Zilikuwa za bluu. Nikakohoa, nikatema kwenye mfuniko wa sufuria, na kwenye mwanga wa tochi tukaona sote wawili: povu, na lile povu lina rangi ya waridi. Hakusema kitu. Alivaa buti bila kufunga kamba akatoka kwenye theluji kumwita kiongozi.

Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima wa Old Moshi, sote tulimwita Meku. Alifika na kipimo, akakibana kwenye kidole changu, akakipasha moto kwanza kwa viganja vyake kwa sababu kidole cha baridi kinadanganya mashine. Oksijeni asilimia 54. Kwenye kreta mtu aliyezoea hali huwa anasoma sabini na kitu, pengine 80. Akaweka sikio mgongoni kwangu, kulia, kushoto. Kisha akasema, "Huyu anashuka sasa hivi."

Kulikuwa na ubishi. Msaidizi wake alisema tusubiri kupambazuke, theluji imefunika njia, tutapoteza watu watano kwa ajili ya mmoja. Alikuwa na hoja, na ningekuwa yeye labda ningesema hivyohivyo. Mwingine alileta Diamox. Meku akaisukuma kando: hiyo inamsaidia mwili kuzoea na kupunguza kichwa kuuma, haikaushi mapafu yaliyokwisha kujaa. Alichonipa ni vitu viwili: kidonge cha nifedipini, cha kulegeza mishipa ya damu, na mtungi wa oksijeni. Tulikuwa na mitungi miwili, yote imenunuliwa kwa ajili ya wageni. Mmoja aliuacha kambini, mmoja akanifunga nao, akauweka lita mbili kwa dakika ili usiishe njiani. Sikuona akimuomba mtu ruhusa.

Nieleze kidogo kinachotokea, kwa sababu wengi wetu tuliambiwa ni nimonia au tumeingiwa na baridi. Oksijeni ikipungua sana, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujibana. Haijibani sawasawa, kwa hiyo penye upenyo damu inapita kwa msukumo mkubwa mno, na maji yanavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Baridi na kazi nzito vinauongeza msukumo huo. Kupanda haraka mno ndicho chanzo kikuu. Mtu anaanza kuzama kwa maji ya mwili wake mwenyewe, na dawa ya kweli ni kushuka. Oksijeni na vidonge vinakununulia muda wa kushuka, basi.

Sasa shida ya Crater Camp ni hii: ili ushuke, lazima kwanza upande. Kreta ni bakuli. Kurudi Western Breach usiku na theluji ni kujiua, kwa hiyo inabaki kutokea Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, ndipo ushuke Barafu. Kupanda kwenyewe ni kidogo tu, mzima hakihesabu. Lakini mtu wa hali yangu akijikaza kutembea, moyo unasukuma zaidi na maji yanavuja zaidi. Meku alinikataza hata kufunga kamba za viatu. Walinivalisha kila kilichokuwepo, wakanifunga mgongoni kwa kijana mmoja mnene wa kifua kwa shuka la Kimasai na kamba ya hema. Wakawa wanapokezana, kila baada ya hatua chache. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, aliyonipa Meku: "Pumua taratibu, na usilale. Ukilala nitakuchapa." Alikuwa anauliza maswali njia nzima. Mama yako anaitwaje. Kahawa mmevuna debe ngapi. Simba na Yanga, nani alifunga. Nilimjibu kwa neno mojamoja, na mara nilipochelewa kujibu alinichapa kweli, kofi la glovu.

Yeye alitangulia na fimbo ya kutembelea, akichoma theluji kutafuta njia ngumu chini yake. Kuna mahali tulisimama muda mrefu. Hakukuwa na alama wala nyota, tochi zinaangaza weupe tu. Nakumbuka alizima tochi yake, akawaamuru wote wazime, akasimama akisikiliza upepo unatokea upande gani. Kisha akaenda kulia. Kibao cha Stella Point tulikigonga, hatukukiona.

Kutoka hapo hadi Barafu ni zaidi ya mita 1,000 kushuka, changarawe tupu. Mchana ukiwa mzima unateleza nayo kwa raha. Usiku ule ilikuwa imeganda, juu yake theluji mpya, kwa hiyo kunibeba mgongoni kukawa hatari, tungebingirika wote. Wakanikalisha juu ya mkeka wa kulalia, wawili mbele wanazuia kwa visigino, wawili nyuma wanashika kamba. Tulishuka hivyo, kitako. Mtungi uliisha katikati. Niliogopa sana uliponyamaza, ila Meku akaniambia angalia kipimo. 63. Bila oksijeni. Mita mia kadhaa za kushuka ilikuwa imefanya kazi kuliko ule mtungi.

Barafu tulifika kweupe. Nilikuwa nakohoa povu bado, lakini niliweza kusema sentensi nzima, nikaomba chai. Helikopta haikuzungumzwa, mawingu yalikuwa yamekaa mpaka chini. Askari wa KINAPA, yaani wa hifadhi ya mlima, walitoa machela ya gurudumu moja, ile ambayo ukiilalia unaomba Mungu uzimie tu maana kila jiwe la njia ya Mweka linakupitia uti wa mgongo. Vijana wa makundi mengine waliingia kusukuma bila kuitwa, wanaacha mizigo yao kando, wanasukuma kipande, wanarudi kuichukua. Kila tulivyoshuka kifua kilifunguka. Kwenye msitu, mita 3,000 na pungufu, hewa ile ya unyevunyevu ilikuwa nzito mdomoni kama chakula.

Moshi walinipiga picha ya kifua. Daktari alinionyesha mapafu yote mawili yana mabaka meupe, zaidi upande wa kulia. Nililazwa siku chache, nikapewa oksijeni, na picha ya pili ilikuwa safi. Aliniambia aliyeugua hivi mara moja yuko rahisi kuugua tena, hata akiwa na misuli ya ng'ombe.

Mmoja wa walionishusha aliumia vidole vya mguu kwa baridi. Buti zake zilikuwa za mitumba kutoka soko la Memorial, soli imefunguka mbele. Hakuna kidole kilichokatwa, ila kucha zilitoka na mpaka leo akivaa viatu vya kubana anachechemea. Mjini Moshi KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, wanaazima wapagazi makoti na buti za mlima bila malipo, na yeye alikuwa anajua. Alisema foleni ilikuwa ndefu siku ile na gari la kampuni halisubiri.

Malipo yangu nilipewa hadi siku niliyoshushwa. Bakshishi nisingeipata kama wenzangu wasingegoma getini mpaka jina langu lirudishwe kwenye orodha.

Nilirudi mlimani, kwa sababu shamba la kahawa la baba haligawanyiki mara sita. Nilisomea uongozaji, sasa ni kiongozi msaidizi, na kreta sikubali hata kwa malipo mara mbili. Kileleni nakwenda na kugeuka hapohapo. Kinachoniogopesha ni kulala juu kule. Kipimo cha kidoleni nimenunua changu, na kila jioni baada ya ugali naingia nacho hema la wagumu. Wamekifanya mchezo. Wanashindana namba, wa mwisho anaosha masufuria. Safari iliyopita, Barranco, kijana mmoja wa Rombo alisoma 66 akasema kipimo kibovu. Nikampasha kidole moto, nikampima tena: 67. Akabisha kwamba anabeba kuliko wote, na ilikuwa kweli. Alishuka asubuhi ileile na mtu wa kumsindikiza, akinitukana Kirombo mpaka alipopotelea kwenye kona, na bakshishi yake yote nilimpelekea mwenyewe nyumbani.