Siku moja ya mpiga besi: gitaa mbili, ngazi na betri moja

Saa 3:15 asubuhi

Kabla sijafumbua macho huwa natega masikio. Mtu aliyesimama miaka kumi na saba ubavuni mwa sahani za dramu huamka hivyo, akichunguza kama kuna mluzi umelala naye. Leo kimya. Namshukuru Mungu, na vizibo vya masikio navyo navishukuru.

Zamani nilivicheka. Kisha nikasoma hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini: desibeli 85 mwisho saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shoo zetu ni saa tatu, na 100 si kelele ya kutisha ukiwa jukwaani. Sicheki tena.

Gitaa la nyuzi tano lipo kwenye stendi yake, waya bado umechomekwa tangu mazoezi ya jana usiku. Nauchomoa, nauviringisha, naenda kunawa uso. Kumbukeni huo waya.

Saa 4:30

Simu ya mwimbaji. Sauti imekauka, anaongea kama mtu aliyemeza mchanga.

"Kaka, nyimbo za E leo tuzishushe mpaka D. Nisamehe."

"Usijali dada, pumzisha koo. Usiongee hadi jioni."

Kwake ni sauti moja tu chini. Kwa mpiga solo ni kuhamisha vidole. Kwangu mimi ni suala la gitaa gani linatoka nyumbani, maana noti ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne ni E, na chini ya hapo ni ukuta. Ama napiga D ya juu, ambayo inaufanya wimbo uonekane umevaa suruali fupi, ama nabeba la nyuzi tano.

Mimi si shabiki wa nyuzi tano, na nimeshabishana sana kuhusu hili. Uzi wa B, ule mnene wa tano, ukiachwa wazi unatetema mara 31 hivi kwa sekunde, na spika nyingi za kumbi zimeshakata tamaa kabla ya hapo. Unalipia uzi wa tano, unabeba shingo pana kama ubao wa kukatia mboga, halafu watu wanachosikia ni kivuli cha noti. Lakini D na Eb (nusu sauti chini ya E) ni hadithi nyingine, hizo zinasikika. Kwa hiyo leo la nyuzi tano ndilo kubwa, na Precision, besi yangu ya nyuzi nne, inakwenda kama akiba.

Saa 5

Nasafisha nyuzi. Hapa ndipo wapiga besi tunapogawanyika kama mashabiki wa mpira.

La nyuzi tano nimelifunga nyuzi za waya wa mviringo. Zikiwa mpya zinang'aa, kila noti ina ukingo, lakini baada ya wiki chache za jasho zinafifia. Seti moja ya besi ni ghali kuliko seti kadhaa za gitaa la solo, kwa hiyo nafuta kila uzi kwa kitambaa kabla na baada ya kupiga. Wapo wanaozichemsha kwenye sufuria ili uchafu utoke. Inafanya kazi, kwa siku chache, na jikoni panakuwa na mjadala.

Precision yangu ina nyuzi za waya bapa, na hizo sijazibadilisha kwa miaka minne. Hazikwaruzi vidole, hazilii *kwiii* ukiteleza, na kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyokuwa *dum* tupu, noti fupi yenye kitako. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, kwa kidole kimoja cha shahada, anajulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Mimi natumia vidole viwili na bado sijamfikia hata robo, basi angalau kwa uvivu wa nyuzi tuko sawa.

Kitu kingine cha Precision: haina betri. Mtengenezaji wake, Leo Fender, aliitoa mwaka 1951, na tangu 1957 pikapu yake (hii ya sumaku, si ile ya kubebea mchanga) imekatwa vipande viwili vinavyofutiana ngurumo ya umeme. Ni mbao, sumaku, waya na vitufe viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha toni. La nyuzi tano lina kikuza sauti ndani yake, na kikuza hicho kinakula betri ya volti 9.

Saa 9 alasiri

Kupakia. Kila kitu kwenye begi langu kiliingia baada ya kunitia aibu kilipokosekana. Mkanda wa begani wenye upana wa kiganja uliingia baada ya bega la kushoto kufa ganzi katikati ya harusi, kwa sababu gitaa lina kilo nne na nusu na wimbo wa mwisho wa harusi hauishi. Tochi niliinunua baada ya kupapasa soketi gizani nikashika mguu wa mtu. Waya wa pili, waya wa tatu. Tepu. Waya mrefu wa soketi nne, maana soketi ya jukwaani daima iko upande wa mpiga kinanda.

Na betri moja mpya, bado kwenye karatasi yake.

Amplifaya ni nyepesi, kilo mbili na nusu, inaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Nimewahi kuwa na ndoto ya Ampeg SVT, lile dude la valvu lililotoka mwaka 1969, wati 300 na boksi la spika nane za inchi kumi. Nimelipiga mara mbili, na suruali ilitikisika yenyewe. Lakini kichwa chake (amplifaya bila boksi la spika) peke yake ni karibu kilo 40, na mimi sina watu wa kunibebea. Vijana wakiniuliza ninunue amplifaya gani, nawauliza wanapopiga kuna ngazi ngapi. Wanadhani natania.

Saa 10:30 jioni

Ghorofa ya pili. Lifti ni ya wageni. Nilisema nini?

Boksi langu lina spika moja ya inchi 12, nalipandisha juu ya kiti. Wapiga besi wengi huliweka chini, wanasikia kidogo kwa sababu linaimbia visigino vyao, wanaongeza sauti, halafu mtu wa meza ya tatu anaumwa kichwa. Likiwa usawa wa sikio napiga kwa nusu ya sauti hiyo.

Fundi mitambo ni mtu mzima, namfahamu. "Kaka, nipe moja kwa moja kutoka kwenye boksi la DI, hiyo spika yako ya kitini ni ya kwako mwenyewe." DI ni kiboksi kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mitambo ya ukumbi kabla haijafika kwenye spika yangu. Ndivyo ninavyotaka. Tunachomeka, tunapata *mmmmmm* ya umeme, nabonyeza kitufe cha kukata athi (waya wa ardhi) kwenye DI, kimya. Kazi ya sekunde mbili, lakini nimeona mafundi wakiihangaikia nusu saa kwa kubadili waya.

Kisha anazunguka ukumbini nikiwa nashikilia E. Wimbi la noti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo linagonga kuta na kujirudia: kwenye kona linajazana, katikati ya ukumbi linamezwa. Anasimama kwenye kona ya mlangoni, anaziba masikio, anasogea hatua tano, ananionyesha kwa mikono kwamba nimepotea. Tunakubaliana apunguze kidogo sauti nzito za chini na mimi nipige karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wake, sauti iwe kavu zaidi.

Wakati huo mpiga rithimu ananijia. "Mzee, una betri ya volti 9? Pedali yangu imezima." Nina moja. Nampa. Mtu hawezi kunyimwa betri.

Saa 12 hadi saa 2:45 usiku

Kusubiri. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia.

Saa 3 usiku

Tunaanza. Watu hudhani mpiga besi anamtazama mwimbaji. Mimi natazama mguu wa kulia wa mpiga dramu. Ngoma ya mguuni ikigonga na noti yangu ikafika papo hapo, ukumbi unasikia chombo kimoja kikubwa. Nikichelewa kidogo sana unasikia viwili. Hakuna anayepiga makofi kwa hilo, lakini ndilo linalowainua vitini.

Saa 3:40

Wimbo wa saba, ule wa D. Noti ya chini inatoka na mkwaruzo, *krrr*, kama karatasi imekwama kwenye spika. Nadhani spika imetoboka. Napunguza amplifaya: mkwaruzo upo. Namtazama fundi, naye ananyoosha vidole kwenye sikio na kukunja uso. Kumbe anausikia pia, na yeye hapati sauti kutoka kwenye spika yangu, anaipata kabla. Basi si spika wala amplifaya. Ni waya au ni gitaa. Natikisa waya, hakuna mabadiliko. Sauti inazidi kunyauka.

Ndipo ule waya wa asubuhi unanijia akilini. Gitaa la aina hii huwasha kikuza sauti chake pale jeki, ile ncha ya waya, inapoingia, si unapoanza kupiga. Usiku kucha betri imekuwa ikilisha gitaa lililolala. Na ya akiba iko ndani ya pedali, mita tatu kushoto kwangu, ikifanya kazi ya watu.

Namaliza wimbo nikipiga oktavu ya juu, suruali fupi na yote. Mwimbaji anaona, anaanza kuwasalimia wageni meza kwa meza kwa ile sauti yake ya mchanga. Nachomoa, nachukua Precision, nakanyaga tyuna inayonyamazisha, nalegeza uzi wa E mpaka D. Sekunde arobaini labda. Sasa kila noti ya uzi ule imehama freti mbili na kichwa changu hakijahama. Wimbo wa nane nakosea mara moja, namwona mpiga dramu akicheka na meno yote.

Ila *dum* ile, na zile nyuzi za miaka minne! Fundi ananyoosha dole gumba kutoka mwisho wa ukumbi. Sikurudi kwenye la nyuzi tano tena.

Saa 7 usiku

Ngazi, kushuka. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanajua. Malipo tumeambiwa "wiki ijayo", sauti ileile ya siku zote.

Nikiwa nafunga boksi kwenye kitoroli, mpiga rithimu anakuja mbio, ananitia kitu mkononi.

"Mzee, nilisahau kukurudishia. Kumbe ilikuwa waya tu, sikuitumia."

Betri, bado kwenye karatasi yake.