Saa sita au saa tisa? Siku yangu nyuma ya barakoa

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu kliniki ya presha na sukari. Mfukoni nina kalamu mbili, kijidaftari, na barakoa moja yenye kidirisha cha plastiki.

Saa 2:20. Foleni imejaa. Naita jina mara tatu, kimya. Asiyeitika faili lake hurudi chini kabisa, ndio utaratibu. Siku hizi sikubali kirahisi: nabeba faili na kupita benchi kwa benchi. Namkuta mzee benchi la tatu, macho kayakaza kwenye barakoa yangu. "Shikamoo mzee." Ananyoosha mkono nimpime presha.

"Kumbe ulikuwa unaita mimi? Nimeona kitambaa kinacheza tu."

Saa 3:10. Nyie mnaodhani dawa ni kupaza sauti, hebu acheni. Barakoa ya kawaida hupunguza sauti nyembamba kwa desibeli 3 au 4 hivi. N95, ile nzito inayobana uso, hukaribia 12. Na s, t, f na sh zimekaa huko huko kwenye sauti nyembamba, ambako masikio ya uzeeni huanza kuchoka. Ukipiga kelele unanenepesha irabu, konsonanti zinabaki pale pale. Ndivyo nilivyomwambia mama mmoja ameze kidonge saa tisa, naye akawa anameza saa sita wiki nzima. Nilimuuliza, "Umeelewa?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikaridhika. Kosa langu. Watu hutikisa kichwa kwa aibu ya kusema "rudia" mara ya nne.

Saa 5:30. Kijana kiziwi, na mkalimani wake wa lugha ya alama. Mikono ipo, lakini nusu ya uso imefunikwa, na usoni ndiko sehemu ya sarufi ya lugha hiyo iliko. Nampa mkalimani barakoa yangu ya kidirisha. Dakika chache, imeshaota ukungu, anaifuta, tunaendelea. Mimi siisifii sana. Inaonyesha midomo, ila huzima sauti kuliko ile ya kawaida, kwa hiyo anayetegemea masikio yaliyobaki unamwongezea tabu. Na midomo yenyewe haisemi yote: simama mbele ya kioo utamke baba, mama, papa bila sauti, uone kama utazitofautisha.

Saa 7:00. Chakula. Nyuma ya masikio panauma.

Saa 8:15. Bibi anavua barakoa anywe maji, kamba inanasa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, linaruka. Tunapiga magoti watu wanne na tochi ya simu. Lilikuwa ndani ya kiatu chake. Ameshonewa kamba za kufungia barakoa kisogoni, kazisahau nyumbani.

Saa 9:40. Dirisha la dawa, yule mzee wa asubuhi. Simuulizi kama ameelewa. Naandika kwa herufi kubwa: KIDONGE 1 ASUBUHI, KIDONGE 1 JIONI, BAADA YA KULA. Namwelekezea kidole: nisomee, kisha nionyeshe kidonge chenyewe. Anasoma, anachukua pakiti ya presha, sawasawa.

Anakunja kikaratasi, anakitia mfukoni, halafu anasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya foleni nzima:

"Mwezi ujao usihangaike kuniita, mwanangu. Niguse bega!"