Majirani wa usiku mmoja

Kaka alikuwa na sharti moja safarini: mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, haupandwi usiku. Malori ya Zambia na Kongo huharibika katikati ya kona, mengine bila taa wala majani ya kutahadharisha wanaokuja nyuma, na ukikosea pale chini ni korongo. Kwa kuwa tulikuwa tumepoteza nusu siku Morogoro tukitafuta tairi, Agosti ile ya 2013 safari yetu ya Tukuyu ilikomea Ruaha Mbuyuni, kwenye kambi ya watalii karibu na mto. Hema tulikuwa nalo, la kuazima.

Joto la bonde lile halina adabu hata mwezi wa nane. Mibuyu ilikuwa imepukutika, na chini yake kila mgeni ameshachagua pa kulala. Tukawasha jiko la mkaa, wifi akabandika wali, mimi nikakaa kwenye ndoo nikimenya vitunguu tulivyonunua barabarani. Toka hapo sikuwa na kazi nyingine ila kutazama watu. Kambini hakuna ukuta. Anayepiga mswaki unamwona, anayenuna unamwona.

Kulikuwa na kijana wa baiskeli, amelala kabla hata hatujashusha mizigo, miguu yake yenye vumbi imechomoza nje ya hema. Kulikuwa na lori kubwa la watalii vijana lililotoka kusini likielekea Nairobi. Hao ndio waliotupa sinema. Walipomaliza kula walipanga foleni kwenye mabeseni matatu, kisha wakasimama duara, kila mmoja na sahani mbili mikononi, wakaanza kuzipunga hewani kama bata waliotoka majini. Hakuna aliyecheka. Watoto wa kaka waliacha kula.

Mpishi wao alikuwa Mkamba wa Machakos, nikamfuata kumuuliza.

"Dada, hapa kitambaa ni marufuku," akasema. "Kitambaa kinabeba uchafu. Mmoja akiharisha, kesho wote wanaharisha, na hiyo lori haina choo."

Nikaona sahani zetu, zilizofutwa kwa upande wa kanga, nikanyamaza.

Ila walionishika hasa ni wazee wawili, mume na mke, wenye gari la namba za Ujerumani na hema juu ya paa. Kila kitu chao kilikuwa na mahali pake: kisu kwenye ala yake, chumvi kwenye kichupa, kamba imekunjwa ikafungwa. Bibi alikuwa akikatakata karoti kwenye ubao, bwana akiandika kwenye daftari. Muda wote ule hawakusemezana neno. Kiza kilipozidi, bwana aliinuka, akaisogeza taa kidogo hadi mwanga ukaangukia ubao, akarudi kuandika. Bibi hakuinua kichwa.

"Wamenuniana hao," kaka akasema kutoka kitini.

"Wamezoeana," wifi akajibu. "Wewe ungeijua taa iko wapi?"

Ubishi ukaanza. Kaka anaamini mtu na mkewe wasipoongea kuna kesi. Mimi nilikuwa upande wa wifi, japo kusema kweli lile daftari lilinitia shaka. Mwanaume wa kuandika vile usiku, anaandika nini? Wifi alikisia mafuta ya gari. Kaka alikisia wosia.

Asubuhi bibi akaja kwetu na pipi za watoto mkononi. Akalizunguka jiko la mkaa, akaliinamia, akauliza Kiingereza cha polepole bei yake na kama linauzwa Iringa. Tukamfungia vitunguu kwenye mfuko, akashukuru sana. Halafu akasita, akatazama upande wa kaka, ambaye alikuwa kwenye kiti kilekile akisubiri chai, akashusha sauti. Alisema yeye na mumewe walitutazama jana jioni yote, wakawa na wasiwasi: wanawake wanapika, watoto wanachota maji, yule bwana peke yake hajanyanyuka. Je, ni mgonjwa? Wanayo dawa ya malaria garini.

Wifi hakusita hata kidogo. Akamwambia ndiyo, ni mgonjwa, ugonjwa ulimwanza siku ya harusi.

Kaka hakutusemesha mpaka tulipoimaliza Kitonga.