Baba alipotaka kumnyima kaka urithi

Wosia wa kwanza niliuandika kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Ilikuwa usiku, nyumbani kwetu Machame. Baba alikuwa ndiyo kwanza amekata simu ya kaka mkubwa, mikono ikimtetemeka. Akaniita mimi binti yake: "Mama, andika. Yule si mwanangu tena. Hana chake hapa, hata mgomba mmoja."

Nikaandika, na sikubisha hata kidogo, maana hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Tangu avunjike nyonga ilikuwa imepita miezi minane. Mimi na mdogo wetu wa mwisho ndio tuliokuwa tukimgeuza kitandani, tukimwogesha, tukimpikia mtori. Kaka alikuwa Dar es Salaam na hakuwahi kukanyaga nyumbani hata siku moja.

Kesho yake niliipeleka ile karatasi mjini Moshi kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja mtulivu sana. Aliisoma, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: baba alikuwa katika hali gani alipoyasema haya? Nikamweleza habari ya simu. Akanirudishia karatasi. "Hii haitasimama," akasema.

Wosia wa kimila huku Bara unaongozwa na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, na humo hasira ya ghafla imewekwa pamoja na ulevi na ugonjwa wa akili. Mtu aliyetoa wosia katika hali hiyo hesabu yake ni kwamba hakuwa na akili timamu. Niliirarua ile karatasi kwenye daladala nikirudi.

Yule msaidizi wa kisheria alikuwa ameniuliza pia tunaishi kwa taratibu zipi, kwa sababu sheria si moja kwa watu wote. Muislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Ipo pia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu, na chini yake mtu ana uhuru mkubwa wa kumpa amtakaye. Sisi ni Walutheri, lakini kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ni cha babu, mambo yetu yote huamuliwa na kikao cha ukoo, na mahakama huangalia mtu aliishi vipi. Kwa hiyo tukaenda na mila.

Na kwa mila, baba hawezi tu kusema "simpi". Sababu za kumnyima mrithi zimetajwa: kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua, kumshambulia au kumdhuru vibaya yeye au mama wa mrithi huyo, au kutomtunza mtoa wosia katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Sababu lazima iandikwe. Halafu likaja jambo lililonikosesha usingizi: anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mtoa wosia mwenyewe au mbele ya baraza la ukoo. Asipopewa, anaweza kuja kuupinga wosia baba akiwa ameshalala kaburini.

Baba aliposikia hivyo alikataa katakata. "Nimwite mtoto nimwombe ruhusa ya kugawa mali yangu?" Wiki tatu nzima hakutaka hata tulitaje. Aliyemgeuza mawazo ni baba mdogo. Alikuja jioni moja, akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia: "Kaka, ukimnyima bila kumsikia, siku ya kesi wewe hutakuwepo. Watakaosimama kizimbani ni hawa watoto wanaokuuguza."

Kikao kikafanyika Jumamosi. Kaka alisafiri na basi la usiku. Walikuwepo baba mdogo, shangazi, na kutoka nje ya ukoo jirani yetu mzee wa kanisa na mwalimu mmoja mstaafu. Baba akaulizwa aseme shitaka lake. Akasema moja tu: nimeugua, hukuja.

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, mwaka ule nilipokata mibuni bila kukuuliza ulinifukuza mbele ya mke wangu na wanangu. Ulisema nisikanyage hapa mpaka siku ya kukuzika. Nilitii."

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimeolewa wakati huo, sikuwa na habari. Mama, ambaye kwenye vikao vya ukoo sijawahi kumsikia akifungua kinywa, akasema polepole, "Ulisema hivyo, baba fulani. Nilikuwa jikoni, nilisikia."

Baba akatazama ukuta. Baadaye akasema, "Mtoto aliyefukuzwa na baba hupitia kwa mama. Simu ya mama yako ilikuwa wazi siku zote." Na hilo nalo lilikuwa kweli. Kaka hakuwa na jibu.

Tuliachana hivyo. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, kaka alikata jani la sale pale mpakani mwa kihamba, akaingia chumbani na kuliweka juu ya blanketi la baba. Kwetu Wachagga, aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Baba alilishika, machozi yakamtoka. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini kihamba sikupi." Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni la maji, nikalisikia vizuri, na mpaka leo naamini alikuwa sahihi katika yote mawili.

Wosia wenyewe uliandikwa siku kadhaa baadaye, baba akiwa ametulia na amekula. Kihamba kikaenda kwa mdogo wetu, mimi nikapata kipande cha kahawa cha upande wa mfereji, na kaka akapewa shamba la mahindi kule chini, tambarare ya Boma Ng'ombe. Ikaandikwa kwa nini hakupewa kihamba. Mimi nikang'ang'ania na majibu yake yaandikwe yote, pamoja na lile la kufukuzwa. Baba alisita, akakubali.

La mama nililipigania zaidi ya langu. Kwa sheria hiyo ya kimila mjane hana fungu. Anaachwa mikononi mwa watoto wake wamtunze. Nyumba yetu ya matofali ilijengwa kwa fedha ya kahawa na ya maziwa aliyokuwa akiyauza yeye. Tukaandika wazi kwamba ataishi humo hadi mwisho wa maisha yake na hakuna wa kumwondoa, hata mdogo wetu.

Kwa anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua ndiye anayehitaji wanne. Sisi tuliweka wanne hivyo hivyo, na mama akatia sahihi pia, kwa kuwa mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia. Baba alitia sahihi kwa wino usiofutika, na tarehe. Mimi na ndugu zangu tulikaa nje, mtu asije akasema tulimshika mkono. Nakala moja ilipelekwa RITA, wakala wa serikali unaohifadhi wosia, nyingine akabaki nayo mchungaji.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Mahakama ya mwanzo, wakati baba mdogo anaomba kuwa msimamizi wa mirathi, hakimu alimwuliza kaka kama ana pingamizi. Kaka akaomba kwanza asomewe tena ile sehemu yenye majibu yake. Ikasomwa, neno kwa neno. Akasema hana pingamizi, kisha akamwuliza karani kama anaweza kupata nakala ya ukurasa ule.